Kadi Niliyokatia Kola

Mimi ni fundi cherehani, na wateja wangu watakwambia kwamba nguo nashona vizuri ila mdomo sina breki. Aliyeumia zaidi na mdomo huo ni binti yangu. Ana miaka minane, na jina la nyumbani nilimpa mwenyewe: Bi Kiburi. Unamwita mara tatu, anakupa kisogo. Mpiga pasi wetu wa dukani akalidaka jina, majirani wakalidaka, na mume wangu akawa Baba Kiburi, akaona ni utani mzuri. Methali zote za sikio nilizimalizia kwa mtoto yule. Sikio la kufa halisikii dawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali zilipoisha nilichukua rula ya mbao ya kupimia kitambaa.

Nayasema ya rula mapema ili mtu asije akanionea huruma huko mbele.

Wiki iliyopita mwalimu wake wa darasa la pili alinifuata dukani. Nilidhani amekuja kushitaki, nikaanza kumwomba radhi kabla hajakaa.

"Mama, mwanao si mjeuri," akasema. "Nikimtazama usoni ananijibu. Nikigeukia ubao, ni kama hayupo. Jana nimepiga makofi nyuma yake, darasa zima limeruka, yeye anaendelea kuchonga penseli. Mpelekeni akapimwe masikio. Wenzangu wanataka arudie darasa tena, na mimi sioni atajifunza nini akirudia."

"Bi Kiburi huyu huyu?" mpiga pasi akadakia. "Huyo ukifungua pipi chumba cha pili anafika!"

Nilicheka naye. Mwalimu hakucheka. Na kuna jambo nililijua mimi peke yangu.

Binti yangu alipokuwa na miezi mitatu alishikwa na homa. Akakataa ziwa, utosi ukavimba, akapatwa na degedege mikononi mwangu. Hospitalini wakasema ni homa ya uti wa mgongo, vijidudu vimefika hadi kwenye utando wa ubongo. Alichomwa sindano siku kumi na nane. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa safari ndefu, na aliporudi alimkuta mtoto ananyonya na mashavu yamerudi. Lakini siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja mwenye miwani alinikalisha chini, akaandika kwenye kadi, akapiga mistari miwili chini ya maandishi.

"Ugonjwa huu unaweza kuondoka ukaacha alama," aliniambia, "na mara nyingi alama yenyewe iko masikioni, huioni kwa macho. Mlete baada ya wiki nne apimwe. Hata kama anacheka, mlete."

Nikaitikia, ndiyo dada, ndiyo dada.

Wiki nne zilipotimia shule zilikuwa zinafunguliwa na meza yangu imejaa sare. Ningeweza kusema kazi ndiyo iliyonizuia, na nimewahi kujiambia hivyo. Si kweli. Niliogopa. Mtoto anacheka, ana afya, nani aende kutafuta ugonjwa kwa miguu yake mwenyewe? Tena sikutaka mtaa useme kwamba mtoto wa fundi amebaki na kasoro. Na kadi ilikuwa ngumu, imenyooka vizuri. Sisi mafundi kadi ngumu hatuitupi, tunaikata iwe kipimo cha kuzungushia chaki. Nikalaza kola ya mtoto juu yake, nikazungusha kalamu, nikakata. Mume wangu alipouliza hospitali wamesemaje, nilimjibu kwamba ilikuwa homa tu, wamesema amepona, tusahau.

Miaka yote hiyo nimezungushia chaki kipimo kile. Kola za sare za nusu ya watoto wa mtaa zimetoka pale, na ya binti yangu pia. Maandishi nilikuwa nayalaza chini.

Asubuhi ya kwenda kupimwa nilifungua furushi la vipimo nikakitoa. Jina la ugonjwa lilikuwepo lote. Chini yake mistari miwili, na juu ya mistari: arudishwe kupimwa masi. Hapo ndipo mkasi ulipopita. Kukichoma nilishindwa, na kukionyesha nilijua nisingeweza. Nikakitia mkobani tu.

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji. Mpimaji, dada mmoja mpole, alimvisha binti yangu vifaa vya kusikilizia, akampa shanga. Kila ukisikia mlio, tia shanga moja kwenye ndoo. Sisi wazazi tulikaa ukutani. Milio mingine ilivuja hadi kwetu, myembamba kama wa mbu. Niliisikia mimi. Mkono wa binti yangu ulibaki hewani na shanga yake, akimtazama yule dada usoni kuona kama amekosea.

"Sauti nzito anazipata kiasi," mpimaji akatuambia baadaye. "Nyembamba hapati, masikio yote mawili. Ndiyo maana herufi kama S anaimeza."

Kumeza huko mimi nilikuwa nakuita kudeka. Nilikuwa namwiga mbele ya wateja.

"Aliwahi kuugua sana akiwa mchanga?"

"Alilazwa," mume wangu akasema, na nikaona mishipa ya shingo imeanza kumsimama. "Lakini walisema amepona. Neno la masikio hawakulitamka! Si ndiyo, Mama? Yule muuguzi wa miwani bado yupo pale, namwona nikipita. Kesho namfuata. Atanieleza kwa nini hakusema."

Wote wawili walinigeukia.

"Ndiyo," nikasema. "Hawakusema."

Mpimaji alishika kalamu yake. "Nahitaji kujua ulikuwa ugonjwa gani. Kuna mmoja unaweza kuendelea kuliharibu sikio la ndani hata miaka baadaye. Kama ndio huo, nataka apigwe picha wiki hii. Kama hatujui, anaingia kwenye foleni ya kawaida, na foleni sasa ni miezi sita. Jina mnalikumbuka? Kadi ipo?"

"Miaka yote hiyo, kadi itakuwepo wapi?" mume wangu akajibu.

Jina nililijua, lakini nikilitaja ingebidi nieleze na mengine aliyoniambia muuguzi. Mkoba ulikuwa mapajani mwangu. Niliukaza kwa mikono miwili na kutazama sakafu, mwanamke mzima, mwenye maneno kwa kila mtu.

Mpimaji alivuta kigoda akakaa mbele ya mtoto, uso kwa uso. "Mama akikuita nyumbani, unajuaje?"

Binti yangu alinitazama kwanza, kuomba ruhusa. Kisha akajibu, bila kulalamika, kama anayemwelekeza mtu njia ya dukani.

"Namwangalia uso. Akiwa amekasirika, najua ameshaniita." Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo namwangalia kila wakati."

Kila akitoka shule hukaa kwenye benchi lile linalotazama cherehani yangu, hadi tufunge. Nimewaambia watu wangapi kwamba mtoto huyu anapenda ushonaji, kwamba mashine hii atairithi yeye.

Nilifungua mkoba. Mume wangu alipokea kile kipande, akakigeuza.

"Hii si kola?"

"Ni kadi yake," nikasema. "Yule muuguzi aliniambia. Aliandika, akanisomea. Ni mimi sikumrudisha, na wewe nikakudanganya. Na sasa hivi nimekudanganya tena."

Hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Alisoma hadi pale mkasi ulipopita, kisha akanyanyua macho akaitazama kola ya sare shingoni mwa binti yetu, akaitazama muda mrefu, akampa mpimaji kadi bila kunigeukia. Mpimaji alisoma jina la ugonjwa, akainua simu kuita chumba cha picha.

Nilijitahidi kuushika uso wangu. Haukushikika. Mdomo ulipinda, macho yakajaa, na binti yangu, aliyekuwa akiniangalia kama kawaida yake, akaacha shanga zake upesi, akaja akasimama mbele yangu mikono nyuma.

"Mama," akasema, "umeniita?"