Presha ya Otha na Chungu cha Arzula

Mdomo wa Verdell hauna breki, na siku ile aliufungulia mbele za watu. Ilikuwa chakula cha mchana baada ya ibada, kanisani Nebo, huko kwao Alabama. Meza zilijaa kuku wa kukaanga na mikate ya mahindi. Otha Pettiford akainuka kwenda kuongeza chai ya barafu, akaanguka puu kama gunia. Presha. Walipokwisha kumpepea na kumkalisha, Verdell, dada yake, akamgeukia wifi yake.

"Ni hicho chungu chako, Arzula. Nyama ya chumvi kila siku ya Mungu. Utaniulia kaka yangu."

Wote waliinamia sahani zao, na kwenye sahani hizo kulikuwa na sukuma aliyoipika Arzula mwenyewe, kwa nyama ya shingo ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Walikuwa wakiisifu dakika ile tu. Sasa wakawa wanaitafuna polepole kana kwamba wametiliwa kitu.

Tangu hapo Arzula hakupeleka tena chakula kanisani. Nyumbani aliitupa chumvi na nyama ya moshi, akawa anachemsha tu. Otha alikula kuku wa maji na sukuma ya maji mwaka hadi mwaka, akisifu kila kijiko kama yuko harusini. Huyo ndiye Otha. Ukimkanyaga mguu, atakuuliza kama umeumia. Lakini presha haikumwachia, vidonge viliongezeka, na Arzula kila akimwona ameshika kichwa alijiambia moyoni: ni mimi huyu, nimemuua mume wangu kwa mikono yangu.

Basi siku moja akaja Delphine Crume, mama mmoja wa ofisi ya kaunti inayowahudumia askari wastaafu. Delphine mwenyewe alikuwa fundi wa magari jeshini, na hata akikaa sebuleni kwa watu anakaa kama anayesubiri jeki. Alileta habari kwamba sheria imebadilika. Waliopigana Vietnam, kama Otha, wakapata presha, sasa serikali inaihesabu imetokana na ile dawa ya sumu ya kukausha majani ya misitu ambayo jeshi liliimwaga kule. Otha alete madai yake, alipwe fidia ya ulemavu.

"Ulemavu gani?" Otha akasema. "Miguu ninayo yote miwili. Wapeni waliokatwa."

"Mzee, haigawanywi kama keki. Ukichukua yako hupunguzi ya mtu."

"Mimi nilikuwa dereva wa lori, mwanangu. Sikumfyatulia mtu risasi."

"Na ile dawa uliiona?"

Otha akacheka. "Kuiona? Mapipa yake yakiisha tulikuwa tunayapasua katikati, tunachomea nyama."

Delphine akamwangalia Arzula, Arzula akamwangalia Delphine. Otha alikuwa ameshaingia kwenye hadithi ya ile nyama, nani aliiunguza na nani aliiba paja, wala hakuona walivyotazamana.

Delphine alipoondoka, Arzula akakaa mbele ya mumewe. Miaka yote hakuwahi kumwomba kitu kikubwa. "Otha," akasema, "fidia sina haja nayo. Nataka mtu mwenye muhuri aseme kama ni mimi au si mimi."

Otha hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso ulimbadilika. Hakuwa na habari kwamba maneno ya Verdell yalikuwa bado yanaishi ndani ya nyumba yake. Akaichukua kofia yake msumarini. "Delphine hajafika mbali. Ngoja nimkimbilie."

Madai yakapelekwa, na siku ikapangwa ya Otha kwenda kupimwa Montgomery. Hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika, kwa sababu mtu aliyezoea kukaguliwa jeshini huwezi kumwambia kitu. Otha alipiga kiwi viatu mpaka vikawaka. Akanyoa, akapiga pasi shati, akameza vidonge vyake mapema, akakaa ndani ya gari amefumba macho ili damu itulie.

"Unakwenda kuoa?" Arzula akamuuliza.

"Nakwenda kukaguliwa, mama. Siwezi kwenda kama mgonjwa."

Delphine alikuwa amemwonya waziwazi: mzee, huo si ukaguzi, unaulizwa kinachokuuma. Otha aliitikia kwa kichwa, ndiyo ndiyo. Sasa akaketi mbele ya daktari, binti mmoja mpole, mgongo umenyooka kama fimbo.

"Habari yako, Bwana Pettiford?"

"Njema kabisa, dokta. Sina la kulalamika."

"Kizunguzungu unapata?"

"Hapana."

"Kichwa kuuma?"

"Cha kawaida tu, kama cha watu."

Daktari akaandika. Arzula, kwenye kiti cha pembeni, aliisikia ile kalamu ikitembea na kila mstari ukimchoma. Mwanamume anajipendezesha hapa, yeye atabaki na chungu chake mpaka kaburini. Akapiga moyo konde.

"Dokta, huyo mtu anakudanganya."

"Mama," Otha akasema kwa sauti ya chini, "tuko mbele za watu."

"Mbele za watu ndipo nilipochafuliwa, na mbele za watu ndipo utakaponisafisha. Sema, Otha."

Otha akaviangalia viatu vyake. Daktari, Mungu ambariki, hakumharakisha. Kisha Otha akaanza kusema. Kila asubuhi akitoka kitandani anashika ukuta mpaka nyumba iache kuzunguka. Kanisani, wimbo ukiwa mrefu, anasimama kwa kuegemea benchi. Gari haendeshi tena kwenda mbali, na ile habari kwamba taa za mbele zimeharibika ni uongo, taa ni nzima, ni macho yake ndiyo yanaingia giza.

"Mbona mimi sijui hayo?" Arzula akauliza. "Nalala na wewe."

"Nilikuwa nakuficha."

"Kwa nini?"

"Siku nikikwambia kichwa kinauma, ulikuwa unakwenda jikoni unamwaga chakula chote unaanza upya. Nikaona bora niumwe kimya, wewe upumzike."

Arzula alifungua mkoba akatafuta kitambaa asikione. Miaka yote alikuwa akimhurumia mwanamume huyu kwa kula chakula kisicho na ladha, kumbe naye alikuwa akimbeba yeye. Alimpenda pale kwenye kile kiti cha plastiki kuliko siku aliyomwoa. Daktari akamsogezea boksi la tishu na kumwomba Otha arudie ile ya ukuta, polepole, aiandike vizuri.

Jibu alilileta Delphine kwa simu. Madai yamekubaliwa: presha ya Otha Pettiford imetoka vitani. Arzula alishika simu kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo wamegundua si chungu changu?"

Delphine hajui kupaka mafuta maneno. "Hawakupima chungu, mama. Sheria inasema aliyekuwa kule na ana ugonjwa huu, unahesabiwa wa kule. Basi."

"Kumbe wanakisia."

Otha alikuwa amesimama karibu, anasikia. "Na Verdell alikuwa anakisia," akasema. "Tofauti ni kwamba Verdell hakuwapo nilipokula nyama ya kwenye pipa."

Arzula akacheka mpaka ikabidi akae. Jumapili ya wageni, wakati watu wote wa Nebo waliohamia mbali hurudi nyumbani, aliamka akaosha sukuma kwa maji mengi, akabandika chungu kikubwa, akatia na shingo ya nguruwe ya moshi. Ya Otha aliitenga pembeni, ya maji kama kawaida, maana ugonjwa ni ugonjwa hata ukiwa umetoka vitani. Alipoingia na chungu katika ukumbi wa kanisa, watu walimpisha. Otha akakipokea, akakiweka katikati ya meza na kusimama nyuma yake, viatu vinang'aa, kama anayekilinda.

Verdell alikuja na sahani yake. Uzee ulikuwa umempunguza mwili, si mdomo. Alijipakulia, akaonja akiwa amesimama, na ukumbi mzima ukaacha kutafuna. Akameza. Akaonja tena.

"Wifi," akasema, "mboga yako haina chumvi."

Kweli haikukolea. Mkono wa Arzula, baada ya miaka ya kuchemsha tu, ulikuwa umesahau chumvi. Akaichukua chupa ya chumvi mezani, akamwekea wifi yake mkononi.

"Jitilie mwenyewe, Verdell," akasema. "Mimi sitii tena."