Radhi ya Keziah Tranter

Siku Keziah Tranter na mumewe Enoch walipoingia nyumba ya maskini ya Wexcombe, wanakofanyishwa kazi wasio na pa kwenda, walitenganishwa palepale langoni: mume upande wa wanaume, mke kwetu wanawake. Maisha yao yote walikuwa vibarua wa mashamba ya watu. Kosa lao lilikuwa kuzeeka.

Mimi na Keziah tulikaa benchi moja, tukifumua kamba kuukuu za meli hadi vidole vikatoka damu. Keziah alimwona mumewe Jumapili tu, kanisani, tena kisogo. Kuongea ilikuwa marufuku.

Jumapili moja Enoch alikohoa mpaka akaanguka. Keziah akasimama katikati ya sala.

"Enoch! Mzee wangu, una nini?"

"Keti!" alifoka Bibi Pruett, msimamizi wetu.

"Nitaketi nikishamfikia."

"Humu ndani huna mume. Una sheria."

"Basi hiyo sheria yako ikamfunike blanketi, anatetemeka!"

Wanawake wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Enoch alibebwa hadi chumba cha wagonjwa. Keziah akafungiwa chumba cha adhabu, hakina dirisha, chakula ni mkate na maji.

"Ukiomba radhi mbele ya wenzio, nitakupeleka kwa mumeo," Bibi Pruett alimwambia kupitia mlangoni.

Mwanzo Keziah alimtukana. Alikuwa na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kuiba wala kuomba. Lakini kule gizani hofu juu ya hali ya mumewe ikamshinda, akagonga mlango, akasema yuko tayari.

Walimleta ukumbini wakati wa chakula, kavalishwa gauni la wakorofi. Akapiga magoti kwenye mawe.

"Nimekosa, bibi. Nilimwita mume wangu."

"Hawajakusikia huko nyuma."

"Nimekosa!" Alipaza sauti. "Nilimwita mume wangu! Haya, nipeleke sasa."

Bibi Pruett alinyoosha aproni yake.

"Tulimzika jana."

Jana, ndiyo siku ile ile Bibi Pruett alipomwahidi kumpeleka kwa mumewe. Keziah hakulia. Aliinuka polepole, akishika ukingo wa meza yetu, akamtazama yule mwanamke usoni.

"Basi nirudishie radhi yangu."

"Unasemaje wewe?"

"Nirudishie! Sikukosa. Nilimwita mume wangu, na ningemwita tena."

Akarudishwa gizani kwa utovu wa adabu. Uji ulikuwa umepoa. Tukaamriwa tumshukuru Mungu, tule.