Akiba ya Mabadiliko

Mpango wa nyumba ulipobadilishwa mara ya kwanza, Zulhumor hakusema kitu. Mara ya pili alikohoa. Mara ya tatu aliuacha unga kwenye beseni, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kujionea mwenyewe.

Nyumba haikuwa yake. Yeye ameolewa na Sherzod, kitinda mimba, na hapo mjini Margilan hata mtoto mchanga anaijua sheria: wana wakubwa hujengewa wakahama, kitinda mimba hubaki na wazee, akawatunza hadi siku yao, akarithi nyumba. Sasa baba mkwe, mzee Hoshimjon, alikuwa akimjengea mwanawe mkubwa, Bahrom, mtaa wa pili. Fedha za ujenzi alizitenga, na pembeni akaweka akiba ya mabadiliko. "Hakuna nyumba iliyowahi kutoka kama ilivyochorwa," alisema, na kwa hilo hakukosea.

Ila mabadiliko yenyewe yalinuka. Kwanza kikaongezwa chumba cha chini, upande wa jua. Kisha kikasogezwa choo cha ndani, ubavuni mwa chumba hichohicho, na mwisho mlango wake ukapanuliwa. Kwa nani? Bahrom na mkewe Muattar walikuwa na vyumba vya kuchezea mpira.

"Ni Muattar huyo," alimwambia mumewe asubuhi ile. "Anaila akiba ya baba taratibu, kama panya na sabuni."

"Mke wangu, wewe hata kivuli chako unakishuku," Sherzod akasema, akatumbukiza mkate kwenye chai.

"Kivuli changu hakijengi choo."

Alimkuta Fundi Ergash juu ya ngazi, mdomo umejaa misumari.

"Fundi, hiki chumba kimeombwa na nani? Dada Muattar?"

Fundi akaitema misumari kiganjani. "Huyo? Huyo ameomba jiko la rangi ya waridi, mzee akamwambia akapike waridi kwao. Hiki ni amri ya mzee mwenyewe. Na mimi nimeambiwa nisiseme, kwa hiyo sijasema."

Shaka ikamgeuka mikononi. Zulhumor aliingia chumbani, na mguu wake, uliozoea kuinuliwa kila mlango wa mji ule, ukainuka juu ukashuka hewani. Nusura aanguke. Hapakuwa na kizingiti. Sakafu ilikuwa bapa toka uani mpaka ndani. Alishika ukuta, na mkono ukakutana na mti laini wa kushikilia, uliopigiliwa kuuzunguka ukuta wote, chini, usawa wa nyonga yake. Nani mfupi namna hiyo katika ukoo wote?

Mama mkwe. Bi Salomat.

Basi wazee wanahama! Wazee wakitoka kwa kitinda mimba, nani atauliza sababu? Watu watasema mkaza mwana amewafukuza. Watalisema arusini, watalisema msibani, na siku binti yake atakapofikia kuposwa, wachumba watapita mlango wake kama hawauoni. Na kosa lake lipi? Alijikagua toka siku aliyoolewa, asilione.

Alirudi nyumbani, akamkuta mama mkwe kitandani uani, akipasua kokwa za aprikoti.

"Mama, kuna chumba kizuri kwa kaka Bahrom."

"Kipo."

"Cha nani?"

"Cha wageni." Kikongwe hakuinua macho.

"Wageni gani hao wanaotembea kwa kushika ukuta?"

Jiwe la kupasulia likatulia.

"Sijakusema kwa mtu, mwanangu. Chai yako ni ya moto, mkate wako ni laini. Lakini niliwaomba kizingiti kishushwe. Mkasema ni cha babu, kukivunja ni kuvunja baraka ya nyumba. Nikaomba choo kisogezwe, mkasema fedha hakuna. Nikasema sawa. Kisha nikasikia mnatafuta lango jipya. La tausi."

Zulhumor aliona aibu mpaka masikioni. Lango lile la chuma, lenye tausi wawili wa kuchorwa, alikuwa amelidundulizia kwa kushona magauni ya hariri, aone mtaa mzima ukisimama kulitazama. Akakumbuka siku ya theluji alipomkuta mama mkwe chini mlangoni. Alimpangusa tope, akamlaumu kwa kutovaa viatu vizuri. Yeye mwenye macho ya kushuku kila kitu, hilo hakulishuku.

Alikwenda kibandani, akarudi na nyundo kubwa ya mumewe, akasema bismillahi, akakishukia kizingiti.

Sherzod alitoka mbio, povu la sabuni shavuni. "Umeingiwa na jini? Hicho ni cha babu!"

"Basi babu na aje akivuke kwa magoti ya mama yako!"

Sherzod akamtazama mama yake. Kisha akaichukua nyundo akamalizia yeye, maana jiti lilikuwa la mforosadi, gumu.

Bi Salomat alikuja na mkongojo wake. Akaburuza mguu mmoja, akaburuza wa pili, akawa ndani. Akageuka, akatoka. Akaingia tena. Zulhumor alisimama katikati ya vumbi na vipande vya mti, akingoja dua, au walau neno la asante.

"Na choo?" akauliza kikongwe.

Zulhumor aliligeukia lango lao kuukuu, lenye kutu, lililofungwa kwa waya. Machozi yalimtoka, na kicheko kikayafuata.

"Nakwenda kumwita Fundi Ergash, Mama," akasema. "Hela ipo."