Kikapu cha Bibi Apolonia

Kwetu Wahaya, mgeni hapewi maneno kabla hajapewa kahawa ya kutafuna. Matunda ya kahawa huchemshwa na majani yanayonukia, yakaanikwa na maganda yake, kisha yakawekwa kwenye kikapu kidogo. Mgeni huchukua tunda, akalimenya, akatafuna, ndipo mazungumzo huanza. Asiyepewa anajua hatakiwi. Mie niliyekulia Temeke niliyaona hayo mambo ya kishamba, na sikuona haya kusema.

Lakini mwaka hamsini na nne nilimpenda Revelian, na mambo yake yote yalikuwa mikononi mwa mjomba wake, Mzee Albano. Mzee huyo aliwahi kuondoka kwenye nyumba moja ya wakwe bila kuaga, eti aliletewa chai badala ya kahawa. Sasa alikuwa anakuja kuniposa mimi. Basi Bibi yangu, Apolonia, akapanda meli ya ziwa kutoka Bukoba, akapanda treni, kikapu cha kahawa hiyo amekipakata njia nzima.

Jumapili asubuhi tulikwenda misa, kikapu tukakiacha nyumbani. Jirani yetu Bi Mwamvita, Mzaramo aliyenilea tangu mama alipofariki, alibaki kutusaidia mapishi. Tuliporudi, uani kulinukia kahawa ya kukaanga. Kinu kilikuwa katikati, maganda yametapakaa.

"Shikamoo Bibi," alisema Bi Mwamvita huku akijifuta jasho. "Buni yako ilikuwa na maganda! Nimeitwanga, nikaipepeta, nikaikaanga yote. Leo wageni watakunywa kahawa mpaka wasahau njia ya kwao."

Bibi alikaa chini, palepale vumbini, na gauni lake la kanisani. Mimi nilipiga kelele kwamba posa yangu imekufa. Bi Mwamvita alipoelezwa, alishika mdomo.

"Mie nilidhani nakusitiri, mwanangu," alisema, machozi yanamlenga.

Hatukupata hata nafasi ya kulia vizuri. Mzee Albano alikwishapiga hodi.

Aliketi sebuleni, fimbo magotini, macho yakitafuta kikapu. Revelian alitazama viatu vyake. Bibi akafungua fundo la kitambaa chake, alimoweka kahawa ya kutafuna njiani. Lilikuwa limebaki tunda moja.

Tunda la kahawa lina punje mbili, zimelaliana ndani ya ganda. Bibi alilimenya taratibu, akampa Mzee Albano punje moja. Ya pili nilidhani atampa Revelian. Kumbe!

"Mwamvita! Njoo huku."

Bi Mwamvita akatoka uani na dele lake la kahawa.

"Zamani," Bibi alimwambia Mzee Albano, "waliogawana tunda moja waliitwa ndugu. Huyu ndiye aliyemlea Felicitas. Ukimtaka mjukuu wangu, anza kwa kuwa ndugu wa huyu. Kahawa iliyobaki ameipika kwa mila ya kwao."

Mzee Albano aliigeuzageuza punje kiganjani. Nilitamani kumtilia mdomoni mwenyewe. Hatimaye akaitafuna. Bi Mwamvita naye akatafuna yake, uso ukamkunjamana wote.

"Chungu, dada?"

"Chungu kweli, kaka yangu!"

Mzee akacheka mpaka fimbo ikaanguka. "Haya, nipe na mimi uchungu wa kwenu."

Akanywa, akaomba kikombe kingine, ndipo akasema kilichomleta. Nilimvuta Bi Mwamvita uani nikalia kwa furaha, nimemkumbatia shingoni.

Nilipoolewa, Bibi alinipa kikapu, na Bi Mwamvita akanipa dele lake. Juzi mjukuu wangu, anayeposwa mwezi ujao, aliniuliza wageni tuwape kahawa ya kutafuna au ya kunywa. Nilimshangaa. Nyumba hii mgeni hutafuna kwanza, kisha hunywa, ndiyo mila yetu. Ila siku hiyo kikapu nitakwenda nacho misa.