Rafu ya Juu

Mabegi ya Clarice yalikuwa yameshaingia kwenye buti, injini inanguruma, na Ambrose Tattersall, mumewe wa tangu Alhamisi, ameshika usukani macho yako mlangoni. Majirani nao walikuwa milangoni mwao, wengine na vikombe vya chai mkononi, maana harusi ya mtu wa miaka sabini na moja si kitu cha kutazamia dirishani. Clarice mwenyewe alikuwa ameshavaa kofia, koti na glavu, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye kizingiti. Alikuwa anahama Colne, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, kwenda kula upepo wa bahari Morecambe na mwanamume mpya, wala hakuona haya hata chembe.

Hapo ndipo binti yake mkubwa, Muriel, alipofanya kosa la kufungua mdomo.

"Basi mama, tuelewane kabla hujaondoka. Kuanzia leo chakula cha Jumapili ni kwangu."

Edna, mdogo wake, alikuwa amebeba mwavuli wa mama. Nusura audondoshe. Alikuwa hajaolewa, alifanya kazi kiwanda cha kufuma, na maisha yake yote alikaa na mama katika nyumba ile. Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya pekee nyumba kujaa: Muriel na mumewe Leonard wa benki, watoto wao, mjomba na shangazi, makelele mpaka jioni. Jumapili ikihamia kwa Muriel, kwenye zulia jeupe ambako mgeni huvua viatu kama anaingia msikitini, Edna angekuwa mtu wa kukalishwa pembeni na kurudi kwenye nyumba ya kijiko kimoja.

"Kwa nini iwe kwako?" akauliza.

"Kwa sababu mimi najua kupika, mdogo wangu. Wewe unajua kufuma."

Clarice akaurudisha mguu wake ndani.

"Ambrose!" akaita. "Zima gari! Sisafiri na njaa."

"Lakini Clarice, tumekunywa chai sasa hivi!"

"Chai ni maji. Zima."

Akaenda moja kwa moja jikoni, akaburuta kiti mpaka mbele ya oveni, akakaa na kofia yake kichwani. Alikuwa mwanamke wa kupenda ugomvi, mradi uwe wa watu wengine.

"Kila mmoja anipikie chura shimoni," akasema. "Atakayeumua vizuri, Jumapili ni yake, na sitaki kusikia neno tena mpaka nife."

Chura shimoni ni soseji zilizolazwa kwenye rojo la unga, mayai na maziwa, zikaokwa mpaka rojo liumuke na kuzizunguka. Hakina chura, shimo nalo ni la kutafutwa kwa tochi, na kule hakuna aliyewahi kulalamika.

"Na sheria mnaijua," Clarice akaongeza. "Mlango wa oveni ukifungwa, haufunguliwi mpaka zote mbili ziive. Baridi ikiingia, rojo linalala, na likilala haliamki. Atakayegusa mpini, kashindwa."

Wakavunja mayai, wakakoroga, wakaliacha rojo lipumzike. Muriel alikoroga huku akijifuta mikono mara mia. Edna alikoroga huku anaiangalia oveni. Alikuwa ameishi nayo miaka mingi, na aliijua kama mtu anavyomjua punda wake. Ilikuwa ya gesi, mlango wa chuma mtupu usioonyesha ndani, na tabia yake ilikuwa moja: juu moto wa jehanamu, chini moto wa wastani. Muriel siku hizi alikuwa na jiko la umeme lenye kioo na taa, alikuwa amesahau.

Edna vilevile alimjua dada yake. Tangu utotoni, kitu hakikuwa na thamani kwa Muriel mpaka kiwe mkononi mwa Edna.

Mafuta ya ng'ombe yalipoanza kufuka moshi kwenye trei, wakalaza soseji na kumimina rojo. Edna akaiinua yake haraka, akasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kunyimwa, "Mimi naweka rafu ya juu!"

"Nani kasema?" Muriel akageuka kama aliyefinywa.

"Nimewahi mimi. Dada, tafadhali. Juu ndiko kunakoumua."

"Ndiyo maana unakutaka, mjanja wee! Mkubwa nani hapa?"

"Mama, mwambie! Siku zote ananinyang'anya!"

Clarice alikuwa akivuta glavu yake kidole kimoja kimoja. Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. "Mimi ni mgeni hapa," akasema. "Nimeshahama."

Muriel akampiga kikumbo mdogo wake, akasukuma trei yake rafu ya juu. Edna akaweka yake chini, amenuna kweli kweli. Aliye juu mngoje chini, wazee walisema, ila hawakusema roho inavyodunda wakati wa kungoja. Maana huko chini napo kulikuwa na hatari yake: siku nyingine rojo liligoma kabisa, likabaki bapa kama mkeka. Mlango ukafungwa.

Wakakaa. Harufu nzuri ikaja. Kisha ikaja harufu iliyopita uzuri.

"Mama, yangu imeiva," Muriel akasema.

"Yangu bado," akasema Edna.

"Sijakuuliza wewe."

"Zote mbili," Clarice akasema. "Ndivyo nilivyosema."

Moshi mwembamba ukajitokeza kwenye ukingo wa mlango. Muriel akasimama, akakaa, akasimama tena. Hapo Ambrose akaingia, kofia mkononi, amechoka kupigiwa stori na majirani. Muriel akamrukia kwa sauti ya asali, ambayo tangu harusi hakuwa amempa hata kijiko chake.

"Baba yangu! Karibu sana. Hebu tuchungulilie humo ndani, wewe hujafungwa na sheria zetu."

"Eh, njaa inaniuma kweli," akasema Ambrose, mtu mwema asiyejua vita iko wapi. Akainama. Mkono ukafika kwenye mpini.

"Ambrose," Clarice akasema taratibu, "ukigusa hapo, Morecambe utakwenda peke yako, na talaka nitakuletea kwa posta."

Ambrose akarudi nyuma mpaka akakalia ndoo ya makaa.

Wakangoja. Muriel akaanza kulia bila machozi. Hatimaye Edna akanusa, akanusa tena, akamwitikia mama kwa kichwa. Clarice mwenyewe akafungua mlango.

Moshi ulipotawanyika, waliona. Chura wa Muriel alikuwa ameumuka, tena ameumuka kuliko walivyowahi kuona: alipanda mpaka akafika dari la oveni, akagandia pale, mweusi kama soli ya kiatu. Trei ikatoka na soseji. Rojo likabaki juu. Wa Edna alitoka na kingo zilizosimama, rangi ya asali, anapumua.

"Wangu ndiye kaumuka zaidi!" Muriel akapiga kelele. "Kagusa dari! Mama, pima!"

"Kweli kapanda," Clarice akasema, akinyoosha shingo kutazama. "Na huko huko kahamia. Sasa tutamla kwa ngazi?"

Ambrose akacheka mpaka ndoo ikapinduka.

"Huyu kanitega!" Muriel akamnyooshea Edna kidole. "Hakuitaka rafu ya juu!"

"Nimeiomba mbele ya mama. Nilisema na tafadhali."

"Kaomba," Clarice akakata hukumu. "Wewe ukanyang'anya. Jumapili ni ya Edna. Haya, mchuzi wa vitunguu uko wapi?"

Wakala, Muriel naye akala, sahani mbili. Baadaye gari likaondoka.

Clarice na Ambrose waliishi Morecambe miaka kumi. Ambrose alitangulia kufa. Clarice alimfuata majira ya baridi yaliyofuata. Leonard alihamishiwa tawi la Preston, na Muriel na watoto wakawa wanakuja Jumapili kwa treni. Mjomba na shangazi waliacha kuja walipozeeka. Edna aliolewa akiwa na miaka hamsini na miwili na fundi wa mashine za kufumia, wakaishi nyumba ile ile. Oveni ilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.