Mfupa wa Pengwini Kwenye Akika

Mama mkwe wangu, Bi Nunu, hakuwa mtu wa kubishiwa, na siku ya akika ya mwanangu mchanga Mahfoudh, tulipomchinjia mbuzi, mwaka ule wa hamsini na mbili, alinikaripia tangu alfajiri. Mbuzi asivunjwe hata mfupa mmoja, akatwe kwenye maungo tu, ili mtoto akue na viungo vizima. Nilijua kinachomuuma. Mguu wa kulia wa mwanangu ulizaliwa umepinda, na Bi Nunu aliuficha ndani ya kanga majirani wasiuone.

Baada ya karamu alikusanya mifupa yote, akaifunga kwenye kitambaa cheupe na kuizika uani. Jioni mume wangu Majid, mwalimu wa skuli hapa Bagamoyo, akautafuta mfupa wake mezani asiuone. Ulikuwa wa bawa la pengwini wa kale, ndege wa bahari za baridi, nao ulikwisha kugeuka jiwe. Aliuazima kwa rafiki yake wa Dar es Salaam ili awafundishie wanafunzi kesho yake. Bi Nunu alidhani ni wa mbuzi, umesahauliwa, akauzika na mingine. Kuufukua hakutaka, akika haifukuliwi. Nilimwonea Majid huruma kwelikweli.

"Huyo ndege ana nini hasa?" Bi Nunu akauliza mwishowe.

Majid akamweleza kwamba mababu wa ndege huyo waliruka, kisha kizazi baada ya kizazi wakaiacha anga wakaingia baharini. Mfupa wa bawa la kuku ni mwepesi, una uwazi ndani. Ule wa pengwini ni mzito, bapa kama kasia. Lakini ukiutazama unavyoungana na bega, ni bawa lile lile.

"Bawa likaharibika."

"Halikuharibika, mama. Lilibadilika. Kuruka hawezi, lakini majini nani atamfikia?"

Bi Nunu akautazama mguu wa mjukuu wake. Majid, asiyejua kunyamaza, akaanza kusema kwamba mabadiliko hayo si ya mtoto mmoja, ni ya mamilioni ya miaka. Nikamkanyaga mguu.

Bi Nunu akachukua jembe mwenyewe. Akapiga bismillahi, akafukua, akautambua mfupa kwa uzito wake na kumpa mwanawe. Ile ya mbuzi akaizika tena, yote mizima.

Kesho yake majirani walipokuja kumtazama mtoto, Bi Nunu alimpakata, akaifungua kanga, akamwacha miguu wazi.