Habari za Getini

Kila asubuhi Zaitun Abdulatif alisimama kwenye geti la machimbo akiwauliza wanaume hali zao, na kila asubuhi wanaume walimdanganya kwa adabu kubwa.

Si kwamba walikuwa waongo. Ofisi kuu ya kampuni, huko Dar es Salaam, ndiyo iliyoagiza kwamba kabla mfanyakazi hajaingia kwenye eneo la baruti, afisa usalama amuulize anajisikiaje, kisha aandike jibu kwenye rejesta. Aliyetoa agizo hilo bila shaka alikuwa na nia njema, ila sijui alikulia nchi gani. Huku kwetu ukimuuliza mtu habari, jibu ni nzuri. Awe amefiwa, awe ametolewa vyombo nje na mwenye nyumba, awe ametoka kung'olewa jino sasa hivi na shavu limevimba, nzuri tu. Yale mengine huja baadaye, mkishaulizana za nyumbani, za watoto na za shamba, ndipo mtu anashusha pumzi na kusema, "Ila sasa..." Getini hapakuwa na nafasi ya kuisubiri hiyo ila. Foleni ilikuwa ndefu, lori lilikuwa linapiga honi nyuma ya watu, na Zaitun aliuliza "Habari?", akajibiwa "Nzuri", akaandika herufi N, mwingine akasogea.

Machimbo yenyewe yalikuwa kwenye kilima nyuma ya Mwandiga, kilima kilichokatwa ngazi ngazi mpaka kikabaki nusu. Wapiga drili walitoboa mwamba, wengine wakashindilia baruti kwenye matundu, king'ora kikalia watu wakimbie, kisha mwamba ukapasuliwa na mawe yakaenda kusagwa kuwa kokoto za barabara. Zaitun alizaliwa Ujiji, akasomea usalama kazini chuoni, na alipopata kazi karibu na kwao mama yake alipika pilau akaita majirani. Kazi aliipenda. Rejesta yake ilikuwa safi, na meneja, Samson, hakukosa kuwaonyesha wageni.

Asubuhi moja, Ignas alipofika mbele yake, Zaitun aliona amenyoa kipara. Ignas alikuwa mpiga drili, Muha wa Kasulu aliyehamia Mwandiga na mkewe, mtu mpole asiye na makuu. Zaitun akasahau agizo la ofisi kuu, akauliza kama mtu amuulizavyo mtu.

"Ignas, nani kakunyoa hivyo?"

"Nzuri, dada," Ignas akajibu kwa uchangamfu. "Sijui wewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Haruna, mwenzake wa kwenye drili, aliyemsukuma begani akapita naye upesi. Zaitun naye alicheka mpaka machozi, akaandika N.

Lakini wakati wa chai lile jibu lilimrudia, na safari hii halikumchekesha. Alijaribu kukumbuka ni lini aliwahi kumuuliza Ignas jambo jingine lolote getini, hakukumbuka. Siku zote ilikuwa habari na nzuri, na hayo mawili hayahitaji masikio. Mtu akikutazama asubuhi na midomo ikacheza, unajua anauliza nini, na jibu unalo tangu utotoni.

Akavaa kofia ngumu, akapanda juu kwenye mwamba. Drili zilikuwa zimezimwa ili mafundi wa baruti wafanye kazi yao, na Ignas alikuwa ameinama akikunja mpira wa upepo unaoendesha drili. Zaitun akasimama nyuma yake, akaokota ndoo ya chuma, akaiachia ianguke juu ya jiwe. Watu wa ngazi ya chini waligeuka. Ignas aliendelea kukunja mpira wake.

Kisha king'ora kikalia. Wanaume wakaacha walichoshika wakaanza kuteremka kwenda kwenye kibanda cha kujificha. Ignas hakuinua hata kichwa. Haruna, aliyekuwa ameshatangulia hatua kadhaa, akarudi, akamgusa bega, na hapo ndipo Ignas alipotupa mpira na kumfuata. Hakuna aliyeshangaa. Ilionekana ni jambo walilolizoea.

Baada ya mlipuko alimvuta Haruna pembeni.

"Haruna, Ignas anasikia?"

Haruna alikuwa kijana wa Ujiji kama yeye, wamekua mtaa mmoja, wala hakuweza kumtazama usoni na kumdanganya.

"Anasikia nikimgusa," akasema.

"Tangu lini?"

"Kidogo kidogo. Kwanza alikuwa anasema nirudie. Baadaye akaacha kusema nirudie. Drili ile inakupigia kelele kichwani kutwa, dada, na vile vizibo vya masikio mlivyotupatia vinachomoka ukitingisha kichwa tu. Sisi tunaweka pamba, na pamba si kitu." Akajifuta vumbi usoni. "Nilikuwa nataka kukwambia. Ijumaa ndiyo mwisho wangu hapa. Mimi na shemeji yangu tumepata mtumbwi Kibirizi, tunaingia kwenye dagaa. Kila nikilala nawaza, nikiondoka nani atamgusa?"

Zaitun hakumlaumu. Angemlaumuje, na yeye mwenyewe ndiye mwenye rejesta?

Jioni alimwita Ignas kwenye chumba cha huduma ya kwanza, akafunga mlango, akasimama mahali penye mwanga ili mdomo wake uonekane. Akasema polepole, "Ignas, husikii."

Ignas akatabasamu lile tabasamu lake la getini. Zaitun hakutabasamu. Akarudia. Tabasamu likamwishia mwanaume yule usoni, akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa bila kuambiwa aketi.

"Ego," akasema kwa Kiha, sauti ikatoka kubwa mno kwa chumba kidogo. Ndiyo. "Sikio hili lilikufa zamani. Hili lingine linasikia mvumo tu."

"Mkeo anajua?"

Aliliona lile swali mdomoni mwake, akatikisa kichwa. "Yuliana anauza ndizi sokoni. Akijua yeye, atalia, soko lote litamuuliza analilia nini, na kesho yake bosi naye ameshajua. Dada, ukiandika, nimemwaga unga. Nani atampa kiziwi drili? Mimi sina cheti, sina shamba hapa. Andika nzuri. Mbona siku zote umekuwa ukiandika?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake mapatano. Zaitun aliona aibu, na chini ya aibu aliona woga, na woga huo haukuwa wa Ignas peke yake. Zile N zote alikuwa ameziandika kwa mkono wake. Zilikwenda ofisi kuu kila mwezi, na chini yake palikuwa na sahihi yake. Sasa aseme nini, kwamba alikuwa akihesabu salamu?

Usiku ule alijigeuza kitandani kama samaki kwenye kikaango. Kulipokucha alikuwa amekata shauri, akaenda moja kwa moja kwa Samson.

Samson hakuwa mtu mbaya. Alikuwa meneja, na meneja hapendi kitu kisicho na safu yake kwenye karatasi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta rejesta ya majeruhi na kumwonyesha vichwa vya safu vilivyochapwa juu.

"Soma hapa. Mkono, mguu, kichwa, mgongo, macho. Umeona masikio? Masikio si ajali, Zaitun. Ajali ina saa yake na ina damu yake. Hii utaandika ilitokea lini?"

"Kila siku, bosi."

Samson akamkazia macho, akaona hafanyi mzaha.

"Basi Haruna akiondoka tutamwekea mtu mwingine wa kumgusa bega."

"Na huyo mtu siku akienda haja, king'ora kikalia?"

Samson akasema kwamba yeye hawezi kumwondoa fundi wake mzuri kwa sababu ya hadithi ya kipara, na kwamba leo Haruna bado yupo, kesho yeye mwenyewe atasimama getini, aone kwa macho yake. Zaitun akageuka kutoka, na kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshajua kwamba kesho Ignas haingii, hata kama baada ya hapo yeye mwenyewe ndiye atakayeambiwa asiingie.

Kesho yake Ignas alipofika mbele ya foleni, Zaitun hakumuuliza kitu. Alinyoosha mkono akamzuia kifuani. Ignas alielewa kabla ya neno lolote. Alitazama ule mkono, akamtazama mwenye mkono, kisha akasema maneno ya Kiha, machache, na Zaitun hakuhitaji mkalimani. Alitoka kwenye foleni, akavuka barabara, akaenda kuketi juu ya jiwe, mgongo wake ukilielekea geti.

Manung'uniko yakaanza. Mmoja akasema huyu binti wa mjini kazi yake kuharibia watu riziki. Mwingine akauliza kama na mafua nayo sasa ni kosa. Zaitun alisimama pale pale, akiomba Mungu machozi yasitoke mbele ya wanaume wote wale.

Samson, aliyekuwa amesimama kando ya geti kama alivyosema, aliona mambo yanaharibika. Nyuma ya nafasi aliyoiacha Ignas alikuwa amesimama Mzee Telesphory, mpiga drili mkongwe kuliko wote, mtu anayeheshimiwa hata na wavuta bangi. Samson akaona huyo ndiye wa kutuliza hali.

"Mzee Telesphory, hebu waambie hawa vijana. Umeanza kazi ya mawe mwaka gani?"

"Nzuri, bosi," akasema Mzee Telesphory. "Tunamshukuru Mungu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Samson akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee akageuza shingo huku na huku, akitafuta kwenye nyuso za wenzake amekosea wapi, na wenzake mmoja baada ya mwingine wakainamisha macho. Samson alivua kofia yake ngumu akaishika mkononi. Kisha akasema kwamba leo drili hazitawashwa, na wapiga drili wote watapelekwa hospitali kupimwa masikio, gari linakuja.

"Na wewe andika," akamwambia Zaitun.

Zaitun akaandika. Kwa kuwa safu haikuwepo, aliandika kwa kalamu pembeni mwa karatasi, masikio yote mawili, kelele za drili. Samson akavuka barabara akamwapia Ignas kwamba hakuna atakayefukuzwa. Ignas hakumwamini, au hakumsikia. Hakugeuka.

Gari lilikawia. Jua lilikuwa limeshapanda Yuliana alipofika, mtoto mgongoni, kanga ya kichwani imekaa upande, pumzi juu juu. Maneno yalikuwa yameshamfikia sokoni. Alimpita mumewe pale kwenye jiwe bila kumsemesha, akaja mpaka getini. Zaitun akapiga moyo konde, akajiandaa kutukanwa.

"Shikamoo," Yuliana akasema, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba, dada. Karibu."

"Ni wewe uliyesema mume wangu ni kiziwi?"

"Ni mimi."

"Ni kweli, au mnamtafutia sababu?"

"Ni kweli. Amekubali mwenyewe. Na hospitali watathibitisha."

Yuliana akashika nondo ya geti. Akaishika kwa mikono miwili.

"Tangu kabla ya mvua namwita, haitiki," akasema. "Namwambia mtoto ana homa, anageukia ukutani analala. Mtoto anamwita baba, baba, yeye anakula. Nikasema huyu ana mwanamke, yuko huko mtaa wa Mwanga, ndiye amemfundisha kiburi. Nikampeleka kwa wazee wa jumuiya. Wakamuuliza mbele yangu, 'Ignas, ni kweli unamdharau mkeo?' Unajua alijibuje?"

Zaitun alijua. Alitamani asingejua.

"Akasema, 'Ndiyo, wazee wangu. Nashukuru sana.'"

Zaitun alitaka kucheka na badala yake akalia, palepale, afisa usalama mzima na kofia yake kichwani. Yuliana hakulia. Macho yake yalikuwa makavu na yamemtoka, ya mtu anayekokotoa upya kila usiku na kila chakula cha miezi mingi.

"Mkoba wangu uko kwa jirani," akasema taratibu. "Kesho nilikuwa napanda gari la Kasulu, narudi kwetu. Nilimuaga jana. Nilisimama mlangoni nikamwambia, Ignas, mimi naondoka. Akaitikia kwa kichwa. Akaniambia niende salama, kama siku zote nikienda sokoni."

Ng'ambo ya barabara Ignas alikuwa bado ameketi, mgongo kwao, akichezea changarawe kwa ncha ya buti.

"Sasa ninaongea naye vipi?" Yuliana akauliza.

"Mbele yake," Zaitun akasema akijifuta pua. "Penye mwanga. Taratibu, auone mdomo."

Yuliana akavuka barabara. Alipofika nyuma ya jiwe alivuta pumzi amwite, kama alivyokuwa akimwita siku zote, kisha akaufumba mdomo. Akamfungua mtoto mgongoni, akazunguka jiwe, akachuchumaa kwenye vumbi mbele ya mumewe, na akasubiri amtazame.